Waya wa Damu ya Mzee

Harufu ya risasi iliyoyeyuka haifanani na nyingine yoyote niijuayo. Ina ukali wa moshi, ina utamu kidogo wa utomvu, na nyuma ya vyote hivyo kuna ladha ya sarafu iliyowekwa ulimini. Nilidhani nimeisahau. Kisha, siku chache baada ya arobaini ya baba yangu, nilifungua sanduku lake la vifaa, lile la mbao ya mninga alilochongewa na maseremala wa Keko, na harufu ile ikanifikia kabla jicho halijaona koleo hata moja. Nikaketi sakafuni na nguo zangu za kazini. Mimi si mtu wa kuketi sakafuni, wala si mtu wa kulia ovyo. Wanafunzi wangu watalishuhudia hilo bila kulazimishwa. Siku ile nilifanya yote mawili.

Baba alikuwa fundi umeme wa magari. Banda lake lilibanwa kati ya mtengeneza vitanda na mtengeneza makabati, kando ya barabara, na upepo ulipovuma maranda yaliingia ndani ya injini zilizofunguliwa. Baba aliyatoa kwa vidole, moja baada ya jingine, bila kumlaumu mtu, kwa kuwa maseremala nao walivuta moshi wake bila kumlaumu. Likizo za shule nilizimalizia hapo. Mama alikuwa kazini, na Bibi, mama yake baba, aliyekuwa akisuka mikeka nyumbani, hakuweza kumvumilia mtoto mwenye maswali zaidi ya nusu siku.

Katika wiki yangu ya kwanza bandani baba aliniita akiwa amelala chini ya usukani wa gari bovu: "Zaina, nipe risasi hapo mezani." Mimi nilijua risasi ya aina moja tu. Nilitazama meza, sikuona bunduki, nikahitimisha kwamba bunduki anayo tayari. Nilikimbia hadi kwa mtengeneza vitanda nikamwambia kwamba baba anataka kuliua gari. Mzee wa watu alicheka hadi randa ikamponyoka. Risasi ya baba ilikuwa uzi laini wa rangi ya fedha, ambao ukiguswa na chuma cha moto hugeuka tone linalong'aa na kuunga waya na waya. Nikajifunza mapema, basi, kwamba neno lile lile laweza kuua kinywani mwa mtu mmoja na kuunga kinywani mwa mwingine. Nilidhani somo hilo nimelimaliza. Sikuwa nimelianza.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa vyombo vya nyumbani huko Temeke tuliyemwita Ami Seif, mtu wa ukoo wa Kiarabu uliokaa mjini humo vizazi vingi, mwenye kofia safi na ulimi usio na mchezo. Alikuwa na lori dogo la zamani, la bluu iliyopauka. Injini yake ya asili ilikwisha kufa, na mahali pake ikawekwa injini changa iliyotoka katika gari la miaka ya karibuni. Injini hizo changa zilikuja na jambo ambalo mafundi wengi wa wakati ule walilitazama kama mtu amtazamavyo mgeni asiyesema: zilikuwa na kompyuta. Lilikuwa boksi la bati, ukubwa wa daftari kubwa, lililofichwa nyuma ya dashibodi, na ndilo lililoamua mafuta yaingie kiasi gani na cheche ipigwe lini. Mafundi waliliita akili. "Gari hili limeharibika akili," walisema, na mimi nililionea huruma kama nilivyomwonea huruma mwendawazimu wa mtaani kwetu.

Masika yale maji yalipenya juu ya kioo cha mbele, yakatiririka nyuma ya dashibodi, na akili ya lori la Ami Seif ikaoza. Likavutwa kwa kamba hadi bandani kwetu siku ya Jumanne.

"Shikamoo, Ami," nilimwambia.

"Marahaba, binti." Kisha akamgeukia baba. "Yusufu, Ijumaa baada ya swala vyombo vya mwanangu vinatoka hapa Keko kwenda kwa mumewe, Mwenge. Kitanda, kabati, meza ya kioo. Dada zake wawili walipelekewa vyombo na lori hili hili. Huyu wa tatu nimpelekee kwa gari la kukodi? Watu watasema mzee kaishiwa, au watasema huyu hakupendwa. Lipi bora?"

"Hakuna bora hapo, Ami."

"Basi lifufue."

Baba akaenda Kiwalani, kwa mtu aliyeuza mabaki ya magari yaliyovunjwa, akarudi na akili nyingine. Ilikuwa ya injini ya aina ile ile, lakini ya gari la miaka ya mbele zaidi, na soketi zake hazikuingiliana na za lori. Kwa sababu hiyo muuzaji alikuwa amezikata soketi zake pamoja na shubiri moja ya nyaya, zikaning'inia kwenye boksi kama mikono ya pweza. Kazi ya baba ilikuwa kukata soketi za zamani za lori na kuunga kila waya wa lori na mwenzake wa kwenye pweza yule, nyaya zaidi ya thelathini, bila kukosea hata mmoja. Muuzaji alimwambia wazi kwamba boksi la pili hana, na hajui aliye nalo. Waya wa moto wa betri ukiungwa pasipo pake, boksi lingeungua kwa muda wa mtu kupiga chafya.

Fundi Mashaka, wa banda la pili, alikuja kutazama. Alikuwa hodari wa injini na hodari zaidi wa maneno. "Braza Yusufu," alisema, "unampasua mtu kichwa umtilie ubongo wa mwenzie? Hiyo hata hospitali kubwa hawaijaribu."

"Hospitali wana wagonjwa wengi," baba alimjibu. "Mie ninaye mmoja."

Lazima nieleze namna baba alivyofanya kazi, kwa kuwa jambo lote limesimama hapo. Alikuwa na taa ndogo ya kujaribia, balbu iliyoshikizwa nyaya mbili, mmoja wenye sindano. Hakuamini waya wowote kabla ya kuuchoma sindano na kuona kama balbu inawaka. Mafundi wengine walitazama rangi, wakakata, wakaunga, wakaenda kunywa chai. Baba alipima kila waya kama mtu asiyemjua ndugu yake. "Jicho hudanganya," alisema, "taa haidanganyi." Maneno hayo niliyashika kama aya. Nimeyarudia mbele ya madarasa mengi kuwa ni kanuni ya mtu mkweli, anayetaka ushahidi kabla ya hukumu.

Safari hii, hata hivyo, taa haikuwa na la kusema. Nyaya za pweza zilikuwa zimekatwa, hazikufungwa popote. "Hizi ni maiti," baba alisema. "Maiti haitikii taa." Betri ya lori nayo aliitoa, ikapelekwa kuchajiwa. Alichokuwa nacho ni karatasi moja, nakala ya nakala, iliyotaja kila waya unafanya kazi gani na una rangi gani kwa lori na kwa boksi. Ukurasa ulioonyesha nafasi za matundu ya soketi ulipotea zamani, mikononi mwa watu wengine. Zilibaki rangi peke yake.

Jumatano asubuhi baba akaniketisha juu ya kiti cha lori, akashika waya mmoja, akauliza: "Zaina, huu rangi gani?"

"Njano, baba."

"Na huu?"

"Kijani na mstari mweupe."

"Huu?"

"Nyeusi."

Nilidhani ananitahini. Ndivyo walimu wetu walivyofanya: waliuliza walichokijua ili waone kama nasi tunakijua. Niliona fahari isiyo na kifani. Kila jibu baba alilipokea kwa kutikisa kichwa, akatazama karatasi yake, akachukua uzi wa kushonea akaufunga kwenye waya ule kwa mafundo: mmoja fundo moja, mwingine matatu, mwingine matano. Mwenzake upande wa pili naye alifungwa mafundo hayo hayo. Nilidhani mafundo ni urembo wa fundi makini. Hakunikosoa hata mara moja, nami nikajiambia kwamba hakuna mtoto Temeke nzima anayejua rangi kama mimi.

Kulikuwa na sababu ya kujua. Bibi alipika rangi za ukindu uani kwetu, kila rangi na sufuria yake, nami nilikua kati ya mvuke huo. Kwa Bibi hapakuwa na njano, palikuwa na bizari. Kahawia ilikuwa ugoro. Zambarau ilikuwa zambarau lenyewe, tunda, na kulikuwa na wekundu mzito, uliokwisha kupoa na kuelekea weusi, alioupenda kwa pindo la mkeka, na jina lake ni damu ya mzee. Lilikuwapo pia jambo ambalo sikulitilia maanani. Bibi akihitaji kicha cha ukindu wa kijani aliniita mimi kutoka barazani, hata kama baba alikuwa amekaa hatua mbili kutoka penye kicha. Nilidhani ni adabu ya kazi: mwanamume haigusi.

Basi mle ndani ya lori, nikichoka kidogo, nikaanza kujibu kwa lugha ya nyumbani. Bizari. Ugoro. Baba aliyaelewa hayo, alilelewa nayo. Tukafika kwenye waya mmoja wa upande wa lori uliokuwa umelowa oili na kuungua kwa joto la miaka. Nilisita. Sikutaka kusema sijui. Mtahiniwa bora hasemi sijui.

"Huu ni damu ya mzee."

Uzi ukasimama mkononi mwake. "Damu?"

"Damu ya mzee, baba."

"Haya. Damu." Akatazama karatasi, akafunga mafundo saba. Upande wa boksi, waya niliouita mwekundu nao ukafungwa mafundo saba.

Baadaye kidogo akashika waya mwingine wa lori, mnene na safi. "Huu?"

"Nyekundu."

Akakunja uso. Akautazama waya, akautazama wa mafundo saba, akanitazama mimi. "Huu tutautafutia mwenzake mwisho," alisema, akauacha bila uzi. Mimi nikaendelea kungoja swali lijalo.

Alhamisi ilikuwa siku ya risasi. Baba alikuwa na chuma cha shaba alichokipasha moto kwenye jiko la mkaa, na kazi yangu ilikuwa kupepea. Alimenya ncha za nyaya, akazisokota mbili mbili kwa kupapasa mafundo, akagusa kwa chuma, tone la fedha likakimbia kati ya nyuzi za shaba na kutulia. Kisha tepu nyeusi. Niliona kwamba wakati wa kulinganisha mafundo alifumba macho. Hilo nalo nililiona ni umahiri.

Baada ya alasiri zikabaki nyaya mbili: mmoja wa lori, mmoja wa boksi, zote bila fundo. Ami Seif alikuwa amefika kukagua vyombo vyake, kitanda kikiwa kimeegemezwa ukutani kinanukia vanishi. Mashaka naye alikuwepo, hakosi penye watu.

"Zimebaki mbili, Yusufu," alisema Mashaka. "Mume na mke. Zifungishe ndoa twende zetu, kesho kuna harusi."

Ami Seif akacheka kidogo, jambo la nadra. "Fungisha, fundi. Mie nitakuwa shahidi."

Baba akazishika nyaya zile mbili, akazileta karibu na uso wake, kwenye mwanga wa jua la jioni ulioingia mlangoni. Akazitazama muda mrefu. Kwangu mimi hakukuwa na cha kutazama: mmoja ulikuwa mwekundu kama pilipili, mwingine kahawia safi, ugoro mtupu. Nilingoja baba aseme haziendani. Hakusema. Vidole vyake vikaanza kuzisokota.

Hapo ndipo nilipouona waya wa mafundo saba ndani ya fikra zangu, ule uliolowa oili. Nilielewa kwamba mwekundu huu ndio uliopaswa kupata mafundo saba, na kwamba ule wa jana niliuita damu kwa kuwa sikutaka kusema sijui. Kosa lilikuwa langu. Nikinyamaza, hakuna atakayejua kwamba ni langu. Boksi litaungua, na watu watasema Yusufu kashindwa kazi ya kompyuta kama wenzake. Nikisema, nitakuwa nimefeli mtihani mbele ya Ami Seif, mbele ya Mashaka, na mbele ya maseremala wawili walioacha kupiga msasa ili wasikilize. Nimesimama mbele ya hadhara nyingi tangu siku ile. Sijawahi kusimama mbele ya hadhara kubwa kama ile ya watu watano.

"Baba, usiunge," nilisema. "Huu mwekundu, huu kahawia."

Mashaka akainama kutazama. "Aa, mwekundu na mwekundu mzee. Huyo wa Kiwalani kalala juani. Waya ukizeeka si ndivyo unavyokuwa? Mtoto huyu!"

Baba akanigeukia. "Zaina. Sema tena."

"Huu mwekundu. Huu kahawia, ugoro kabisa. Halafu, baba..." Nikauonyesha waya wa mafundo saba. "Ule wa damu ya mzee, jana, sikuujua. Ulikuwa na oili. Nilisema tu."

"Yusufu," Mashaka alisema, sasa akicheka wazi, "unamuuliza mtoto kitu kilichopo mbele ya macho yako? Wewe macho huna?"

Nilimwona baba akiziachia nyaya. Alijifuta mikono kwa tambara, taratibu, kidole kwa kidole, kama mtu anayejiandaa kuswali.

"Sina," alisema.

Baba akamgeukia Ami Seif, hakumgeukia Mashaka. "Macho ya rangi sina, Ami. Tangu kuzaliwa. Nyekundu, kijani, kahawia, kwangu ni kitu kimoja. Hizi nyaya mbili mie naziona sawasawa. Huyu mtoto ndiye ananisomea tangu jana."

Sitasahau jinsi maneno yale yalivyoingia kwangu. Mtihani wangu wote ulianguka kwa mara moja, ukageuka kitu kingine. Hakuwa akiniuliza alichokijua. Alikuwa akiniuliza.

Ami Seif alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Miaka yote hii unanitengenezea magari," alisema, "nyekundu huijui?"

"Kazi naijua, Ami. Nyekundu ndiyo siijui."

Mashaka akafungua mdomo, na Ami Seif akamwinulia kidole bila kumtazama. Akaenda akaketi kwenye ubavu wa kitanda cha mwanawe, kwenye mbao tupu zisizo na godoro, mikono juu ya magoti. Alikuwa na haki ya kuondoa lori lake. Ningekuwa mimi leo, na ukali huu nilionao, huenda ningeliondoa. "Boksi ni moja," alisema hatimaye, "na siku ni kesho. Binti, hiyo damu ya mzee ni rangi gani hasa?"

"Ni nyekundu, Ami. Nyekundu iliyokufa."

"Sasa damu ya mzee na damu ya kijana itajulikanaje?"

"Kwa kuosha," alisema baba.

Akachovya tambara katika petroli, akafungua tepu ya waya wa mafundo saba, akaufuta kwa nguvu, tena na tena, kisha akanipa niushike mimi mwenyewe. Oili iliondoka. Chini yake palikuwa na kahawia, ugoro wa Bibi usio na shaka yoyote. Nilisema hivyo. Baba hakunikemea na hakunisifu, alinisogezea jiko. Nikapepea. Akaiyeyusha risasi ya asubuhi, akaitenganisha ndoa ya uongo, akaunga kahawia na kahawia, mwekundu na mwekundu. Kisha, kabla ya kuchomeka boksi, betri ikarudishwa, na baba akatoa taa yake. Akauchoma sindano waya mwekundu. Balbu ikawaka. Akauchoma wa kahawia. Balbu ikabaki giza. Karatasi ilisema hivyo hivyo.

"Taa haidanganyi," alisema, akanitazama. "Na Zaina akisema sijui, naye hadanganyi. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Akachomeka boksi. Ami Seif mwenyewe akazungusha ufunguo. Lori likakohoa, likasita kama mtu anayeamka katika nyumba ya kigeni, kisha likanguruma, na sauti ikatulia, nyororo, na maranda yakaruka kutoka kwenye boneti kama kuku waliofukuzwa. Maseremala walipiga makofi. Ami Seif akamwangalia Mashaka. "Mashaka, ulitaka kuniozeshea mke wa mtu mbele ya macho yangu. Nami nilijitolea ushahidi!" Watu wakacheka hadi Mashaka akacheka nao, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka tu, na mara nyingi watu wa haraka hufanya madhara makubwa kuliko wabaya.

Ijumaa kitanda kilikwenda Mwenge juu ya lori la bluu, na mimi nikaruhusiwa kukaa mbele, kati ya dereva na meza ya kioo iliyofungwa mablanketi. Sijui kama bibi harusi mwenyewe alipata kuwa na fahari kiasi kile.

Sitamfanya baba kuwa malaika. Hakunilea niwe mwongo. Hata hivyo yeye mwenyewe alikuwa amelificha jambo lile miaka mingi, na nilipokua aliniambia sababu kwa uwazi: aliogopa. Jioni ile tulipomsimulia Bibi, hakuacha kusuka. "Nilimngoja aseme tangu anaoa," alisema. "Kumbe alikuwa anamngoja mwanawe azaliwe." Wala ukweli haukumlipa mara moja. Wateja kadhaa walihama. Kwa miezi mingi mafundi vijana walimpita wakiinua jani na kuuliza, "Fundi, hili rangi gani?" Naye aliwajibu, "Muulizeni Zaina, mie nitawaambia kama lina moto." Pole pole utani ule ukawa jina zuri. Magari mengine yenye akili mpya yalianza kuja, kwa kuwa ilijulikana kwamba kwenye banda lile kila waya husomwa na watu wawili.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu ujasiri, na nimewasikiliza watu wengi wenye vyeo wakijibu maswali wasiyoyajua kwa sauti thabiti. Kila ninapowasikia nayaona mafundo saba. Wanafunzi wangu wananijua kwa ukali wangu juu ya jambo moja kuliko yote: anayekosea namsaidia, anayekisia kwa kujidai namtoa nje. Wanadhani nimelipata katika ualimu. Na ile kanuni ya jicho na taa niliyoihubiri miaka yote kama falsafa ya baba, leo najua kwamba ilianza kama fimbo ya mtu asiyeona njia yote. Sijapunguza kuihubiri kwa sababu hiyo. Naihubiri zaidi.

Nilipokuwa nimeketi sakafuni na sanduku, nilitoa vyote kimoja kimoja: koleo, taa ya kujaribia na sindano yake iliyopinda, bobini ya uzi wa kushonea, kipande cha risasi kilichosokotwa. Sanduku likabaki tupu, nikalifunga, nikalifungua tena ili nikifute kifuniko kwa ndani. Palikuwa na maandishi ya penseli, ya mkono wa baba, herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema, na chini ya vumbi la miaka hayakuwa yamefutika. Aliandika kamusi yake.

Bizari, njano. Ugoro, kahawia. Zambarau, ile ya tunda. Na mwisho kabisa, mstari peke yake, uliokolezwa penseli mara mbili:

Damu ya mzee, muulize tena Zaina.